Mtoto Ndani ya Jicho la Bibi

Harufu ya marashi ya waridi hunirudisha mtaani kwetu Makorora, katika miaka ya hamsini, bibi yangu alipohamia kwetu kutoka kijijini Kigombe kwa sababu ya macho. Kila alfajiri aliyaosha kwa marashi hayo, na kila siku alizidi kupapasa kuta. Wahenga walisema macho hayana pazia; ya bibi yalikuwa nalo, jeupe kama tui. Watu wazima walisema ana mtoto wa jicho, nami, msichana wa miaka minane, nikaamini kuna mtoto kweli. Nilichungulia macho ya mama kwa karibu, nikaona humo kisichana kikinitazama. Kwa bibi sikukiona. Nikaogopa kwamba chake kimezama.

Hospitalini walitaka kumpasua. Bibi alikataa. "Kisu machoni? Bora kiza alichoniandikia Mungu." Mama alimbembeleza hata akakubali kwenda kusikiliza tu. Bwana mganga, kama tulivyomwita msaidizi wa daktari, Mbondei mmoja mpole, alipomaliza kummulika, nilimwamkia shikamoo, nikauliza, "Mkimtoa mtoto wa bibi, mtampeleka wapi?"

Mama alinifinya. Bwana mganga akavuta kiti, akakaa. Alinieleza kwamba kinachotolewa si mtoto, ni kitu kama kioo kilichoingia ukungu. Lakini yule niliyemwona kwa mama, alisema, ana jina. Mboni kwa Kilatini, lugha ya kale inayotoa majina ya viungo, ni pupilla, yaani kitoto cha kike au mwanasesere, kwa kuwa watu wa zamani nao walichungulia macho ya wenzao, wakaona sura zao zimekuwa ndogo.

"Basi wa bibi yupo?"

"Yupo. Amefunikwa tu."

Bibi akainua uso. "Na daktari hatamgusa huyo?"

"Hatamgusa, bibi."

"Haya. Niandikeni."

Baada ya kupasuliwa alilala chali siku nyingi, kichwa kikibanwa kwa vifuko vya mchanga kisitikisike. Bandeji ilipofunguliwa, jicho la kushoto liligoma. La kulia likanishika. "Sogea," alisema, akinipapasa shavu. "Kumbe una mwanya!" Sikujua nicheke au nilie.

Mwaka jana nami nilipasuliwa jicho. Niliingia asubuhi, adhuhuri nikarudi nyumbani. Namshukuru Mungu, bibi angeutamani wepesi huo. Ila nilikuwa na swali dogo kwa daktari, na nilipofungua kinywa, namba ya mgonjwa aliyenifuata ilikuwa imeshaitwa.