Chujio la Bwana Salama

Mji mzima ulimjua kwa sauti, si kwa sura. Maji yakitoka bombani na rangi ya chai, watu hupiga simu ofisi ya maji, na anayepokea ni yeye, kakaa zake nyuma ya dirisha lenye vumbi, simu kaibana kati ya sikio na bega huku akichonga penseli. Atakusikiliza, atakuitikia "ndiyo mama, pole sana mama," kisha atakupa jibu lile lile alilompa jirani yako: "Maji ni salama. Fungua bomba uyaache yachuruzike kidogo, rangi itaondoka." Ukimwambia yanachuruzika tangu asubuhi, atakuambia uyaongezee muda. Ndiyo maana watu wakambandika jina la Bwana Salama, na yeye, kwa kuwa hana haya, akalipenda.

Sasa sikia kituko. Bwana Salama mwenyewe maji hayo hayanywi. Hata tone! Mtu anayeshinda akisikiliza watu wakilalamika mashuka yao yamegeuka rangi na watoto wao wanaumwa matumbo, akiyanywa atakuwa mpumbavu, na yeye ni mwongo lakini si mpumbavu. Jikoni kwake, pazia likiwa limefungwa, kulikuwa na chujio la mkononi, la kupampu, lenye mipira miwili: mmoja wa kuvuta maji machafu, mwingine wa kutoa masafi, na katikati kijiwe cheupe cha kuchujia. Maji yote ya kunywa ya nyumba ile yalipita humo. Anayepampu ni mkewe, mtoto mgongoni, na bwana mwenyewe amesimama pembeni akitoa maelekezo.

"Si uwaambie tu watu ukweli?" mkewe alimuuliza siku moja, jasho likimtiririka.

"Mimi niko malalamiko, mama watoto," akajibu. "Ukweli uko kitengo kingine."

Mgeni akilikuta chujio lile mezani, aliambiwa ni la safari za mtumbwi. Na kweli safari zilikuwepo. Wafanyakazi wa ofisi ya maji walikuwa na mazoea ya kupanda mtoni kwa mitumbwi, kule juu kabisa mji usikofika, wakalala kwenye mahema na kurudi wamebabuka kwa jua. Huko ndiko Bwana Salama alikovimba kichwa. Kasia hajui kulishika, mtumbwi ukiwa na yeye unazunguka tu. Hema akilisimamisha linamwangukia. Lakini kiu ikianza kuwabana wenzake, loo, hapo utamwona anapiga magoti katikati ya mtumbwi, anafungua mfuko wake taratibu, anakohoa kidogo, na darasa linaanza.

"Maji hayatekwi ukingoni, yanatekwa katikati. Yakiwa na tope, yanatulia kwanza kwenye ndoo, unavuta ya juu. Na huu mpira mchafu usiguse ule msafi! Ukigusa tu, umekwisha. Kijiwe kikianza kuziba, unakisugua na sponji, polepole."

Watu walinyamaza wakamsikiliza, maana mwenye kiu hana ubavu wa kubishana. Mmoja tu ndiye aliyemtolea uvivu. Huyo alikuwa msoma mita, mwanamke anayeingia nyua za watu kila siku na ambaye ulimi wake haukuwa na breki.

"Bwana Salama, mbona huku mtoni una masharti chungu nzima, na kwenye simu huna hata moja?"

Watu wakacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Bwana Salama akajitia hamnazo, akaendelea kupampu.

Basi ikatokea mkuu wa kitengo cha malalamiko akastaafu. Kiti kikabaki wazi, na Bwana Salama akakitaka kiti kile kuliko pumzi yake. Chumba chenye mlango! Kiti kinachozunguka! Na mtu mwingine wa kupokea zile simu! Meneja alipotangaza kwamba safari hii na yeye atapanda mtumbwi, kila mtu akajua anakwenda kuchagua. Usiku wa kuamkia safari Bwana Salama alikisugua kijiwe mpaka mkewe akamuuliza kama anataka kukiposa.

Siku ya kwanza mambo yalimnyookea ajabu. Alimpampia meneja kikombe cha kwanza, maji yakatoka maangavu, meneja akayanywa yote na kufuta sharubu.

"Matamu haya!"

"Maji ndiyo kazi yetu, mzee," akasema Bwana Salama, akainama mpaka kofia ikamdondokea mtoni. Jioni ile alitembea kambini na kifua mbele, akiwasalimia wenzake kama vile ofisi keshapewa.

Kumbe huko juu mvua ilinyesha. Kulipokucha mto ulikuwa tope tupu, na ndoo waliyoteka ilikataa katakata kutulia. Watu wakaanza kulamba midomo. Hapo msoma mita akashuka kwenye mtumbwi wake akiburuta dumu.

"Nilikinga bombani kwangu kabla hatujaondoka," akasema. "Ni ya kwetu haya, ya ofisi."

Meneja akafurahi kweli. "Ndiyo hivyo! Leo tunywe jasho letu!" Akamwelekea Bwana Salama, kikombe mkononi. "Mwenye maji, tumiminie."

Bwana Salama alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kukisugua kijiwe mbele ya watu wote, akiwaonyesha kilivyo cheupe. Aliposikia ameitwa mwenye maji, kichwa kikapaa, mikono ikabaki yenyewe, ikafanya kile kinachofanyika jikoni kwake kila siku. Akafungua dumu, akatumbukiza mpira mchafu, akaanza kupampu.

Ikasikika pampu peke yake.

"Bwana Salama," akasema msoma mita, "hayo si ya mtoni."

Mikono ikamganda. "Na... najaribu chujio."

"Unalijaribu kwa maji salama?"

Akamnyang'anya chujio, akalifungua, akakiinua kijiwe juu kila mtu akione. Kile kilichokuwa cheupe sasa hivi kilikuwa na rangi ya chai. Hakuna aliyecheka. Kila aliyekuwa pale mshahara wake unatoka kwenye bomba lile lile. Bwana Salama akatamani ardhi ipasuke immeze. Akakiona kile kiti kinazunguka, kinampa mgongo.

Meneja akatazama kijiwe. Akatazama dumu. Akatazama kikombe chake muda mrefu, halafu akakinyoosha.

"Malizia kupampu," akasema.

Akanywa. Nyuma yake wakajipanga wengine, mmoja mmoja, kila mtu na kikombe chake, macho chini. Hata msoma mita, na ulimi wake wote, alileta chake.

Wakati wa kurudi meneja alimwita akae mtumbwi wake. Njiani mzee akasema bila kugeuka, "Muda wote huu uko kwenye simu, na hujaropoka hata siku moja."

"Hata siku moja, mzee."

"Kitengo kile kinataka mtu wa namna hiyo. Jumatatu uingie ofisini." Akapiga kasia kidogo. "Na hicho kidude niachie. Nina wajukuu nyumbani."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Bwana Salama alikitoa kwa mikono miwili, pamoja na mipira, sponji na mfuko, na juu yake akashukuru.

Aliingia nyumbani akipiga mluzi. "Mkuu wa kitengo huyo!" Mkewe akapiga kigelegele, akamkumbatia, akacheka, kisha akanyoosha mkono.

"Haya, mheshimiwa, lete kidude nimpampie mtoto. Chupa nilizojaza kabla hujaondoka ziliisha jana."

Bwana Salama akasafisha koo. Akaeleza habari ya wajukuu wa meneja, akaieleza vizuri, kwa ile sauti yake ya kazini. Mkewe akaenda akafungua bomba, na maji yakatoka na rangi ile ile. Na bwana, bila kutumwa na mtu, akajisikia akisema, "Ni salama, mama watoto. Yaache yachuruzike kidogo, rangi ita..."

Akaishia hapo.

"Chemsha basi," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimeyachemsha tangu jana. Yamekuwa machafu ya moto."

Mkewe akakinga glasi ikajaa, akaiweka mezani mbele yake. Bwana Salama aliitazama, akamtazama mkewe, akafumba macho, akainywa yote mpaka chini. Alipofumbua macho akakuta mkewe amekinga mengine, kwenye kikombe kidogo chenye vishikio viwili.

"Hiki cha mwanao," akasema. "Nimpe?"

Bwana Salama, aliyekuwa na jibu la mji mzima, alifungua mdomo akaufunga. Mkewe akasimama pale pale na kikombe mkononi, akimsubiri.