Mume wa Kuazima

Iko siku moja ya Mtwapa, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hucheka kwanza, kisha huona haya. Na kwa kuwa Jumatatu unaanza kazi ya ukarani kwenye kliniki hapo Malindi, nataka uisikie kwangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwandikishaji wagonjwa, na dirisha langu nililikalia kisultani. Wanawake waliojiuza kwenye mabaa ya jirani walikuja kutibiwa magonjwa ya zinaa. Daktari aliwaomba wagonjwa wa maradhi hayo waje na wenzao, wasije wakaambukizana tena. Ombi jema. Mimi nikaligeuza amri: asiye na mume haandikwi. Hakuna aliyenituma, kiherehere changu tu.

Basi asubuhi ile akaja mwanamke na mumewe, Athumani, muuza madafu wa pale langoni. Nikawaandika. Akaja wa pili, mumewe Athumani. Wa tatu, Athumani tena, safari hii kavua kofia. Wa nne, Athumani, panga la madafu bado mkononi. Kumbe walikuwa wakimwazima kama mwavuli! Nami niliamini, mwanangu. Nilimwonea huruma kwa mzigo wa nyumba nne.

Wa tano alikuwa Kadzo, kajikunja, mkono tumboni, jasho linamtiririka. Kando yake, Athumani.

Nikasimama. "Kaka Athumani, muogope Mungu! Wanne umeshatimiza. Huyu simwandiki!"

Athumani akajikuna kichwa. "Basi mwandike huyu, nami nimwache yule wa kwanza."

Yule wa kwanza akaruka kwenye benchi. "Uniache kabla sijadungwa sindano?"

Watu walicheka mpaka wenye kikohozi wakapaliwa. Kadzo hakucheka. Aliketi chini sakafuni, akasema, "Dada, nimekuja mara tatu wiki hii. Nilichokosa ni mume, ugonjwa ninao."

Kelele zikamtoa Bi Mwanaisha, muuguzi mkuu, mama wa makamo asiyepandisha sauti.

"Rukia, tumbo linalouma ni la nani? La mume?"

"Ni sheria, Bi Mwanaisha."

"Ya nani?"

Bi Mwanaisha alimwinua Kadzo mwenyewe, akampeleka ndani. Baadaye akaniita chumba cha dawa, akafunga mlango.

"Maradhi yamefika kwenye kizazi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Huyu hakuficha, Rukia. Aliyaleta mara tatu, ukamrudisha nayo."

Nililia, wala si kwa kuonewa. Kadzo alilazwa, akapona. Alitamani sana mtoto, na mtoto hakumpata. Labda ni zile siku nilizompotezea, labda sizo. Sijui, na kutojua huko nimezeeka nako.

Kwa hiyo, mwanangu, mgonjwa akisimama mbele yako, muulize jina na umwandike. Analala na nani, hayo atamwambia daktari, mlango ukiwa umefungwa. Usimtengee benchi, usiitaje kazi yake mbele za watu, na usitunge sheria ambayo hukupewa. Cheo cha dirishani ni kidogo, lakini kinatosha kumuua mtu.

Nenda, Mungu akubariki. Akupe ulimi mfupi na mkono mwepesi, wala asipatikane mgonjwa hata mmoja atakayekuogopa wewe kuliko ugonjwa wake. Amina.