Siku Mama Mkwe Alipofukuza Wageni Wangu

Nakumbuka Jumamosi moja ya Oktoba, mwanangu, nimesimama kando ya ziwa nimekumbatia sufuria la pilau la kulisha watu ishirini, na mume wangu amekaa peke yake kwenye benchi, amenipa mgongo, anatazama maji. Nyuma yangu watu wanacheka, nyama inachomwa, watoto wanakimbizana. Kila mtu alikuwa na raha siku ile isipokuwa huyo aliyeitafuta raha yenyewe, na aliyemharibia nilikuwa mimi.

Usinihukumu haraka. Kaa nikueleze.

Miaka ile tulikuwa tunaishi Blacktown, kule Sydney, Australia, mimi na Deo na watoto wetu wawili, Tumaini, ambaye wengi walimwita Tuma, na Baraka. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Najua wewe huo huuiti ujana, lakini ngoja ufike, utaniambia. Deo aliendesha lori la makontena kutoka bandarini Port Botany hadi kwenye maghala ya Wetherill Park, na alitoka nyumbani saa kumi alfajiri. Mimi nilikuwa nauguza watu katika nyumba ya kutunzia wazee, naingia saa nane mchana, narudi saa nne usiku nimechoka hoi. Akirudi yeye, mimi nimeshatoka. Nikirudi mimi, yeye anakoroma. Kuonana macho kwa macho ilikuwa mpaka Jumapili kanisani, na hapo napo watoto wamekaa katikati yetu.

Basi tukawa tunaandikiana. Kwenye mlango wa friji palikuwa na vikaratasi vimebanwa na sumaku yenye picha ya kangaruu. "Maharage yapo, pasha moto." "Baraka anakohoa, dawa iko juu ya kabati." "Tairi la nyuma limepungua upepo." Ndoa yetu nzima ilikuwa pale. Na mimi nilikuwa najisifu kwa wenzangu kwamba kwetu hakuna kelele, mwaka mzima hatujagombana. Tungegombana saa ngapi?

Mwezi wa nane akaja mama yake Deo kututembelea, mama mkwe wangu, kutoka Ukerewe. Mwanamke mfupi, mkavu, haongei sana, lakini akikutazama unakumbuka makosa yako yote. Alikuja akae miezi mitatu. Deo akaona sasa kuna mtu wa kubaki na watoto, na siku moja nikakuta karatasi kwenye friji, ndefu kuliko zote. "Nimetupatia chumba kando ya ziwa, Jumamosi mpaka Jumatatu, ile wikiendi ya sikukuu. Mama ameshakubali kubaki na watoto. Mimi na wewe tu." Hilo neno la mwisho alikuwa amelipigia mstari mara mbili.

Mwanamke mwingine angeruka kwa furaha. Mimi nikaanza kutafuta sababu ya kukataa, na sikutaka kujiuliza kwa nini. Nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe, alikuwa anamenya njegere jikoni.

"Mama," nikamwambia, "haiwezekani sisi twende kustarehe, wewe mgeni tukuache ndani. Watu watatuelewaje? Tutakwenda wote, wewe na watoto."

Akanitazama. Akasema, "Mmh." Akaendelea na njegere zake.

Hapo nilijiona mke mwenye adabu kuliko wote Australia. Na Jumapili, baada ya ibada, Mama Njeri akaniuliza kama nitakuja kwake Jumamosi. Mama Njeri alikuwa Mkenya, rafiki yangu sana, sauti yake unaisikia mpaka stesheni ya treni. Nikamwambia hapana, tunakwenda ziwani. Ningeishia hapo. Lakini unajua sisi tulivyolelewa, kutaja safari bila kukaribisha ni kama kula mbele ya mtu. Nikaongeza, "Karibuni jamani."

"Aki Mama Tuma, ulikuwa unataka kwenda bila sisi? Hiyo ni uchoyo bana!" akasema. "Sisi tunaleta nyama, wewe leta pilau. Nitaambia na wale wengine."

Ningeweza kumwambia hapana, ni mimi na mzee tu. Maneno matano hayo, sita ukihesabu vizuri. Sikuyasema. Tena, nikuambie ukweli wote kwa kuwa nimeshazeeka na aibu imepungua, moyo wangu ulitulia.

Deo sikumwambia. Ningemwambia saa ngapi? Niliandika kikaratasi, nikakichana.

Asubuhi ya safari Deo alitoka mlangoni na begi moja dogo, amevaa shati jipya la bluu bado lina mikunjo ya dukani. Barabarani magari manne yanapiga honi. Mahema yamefungwa juu, jiko la mkaa linachungulia kwenye buti, na Mama Njeri amening'inia dirishani anaimba. Deo akasimama. Akanitazama mimi, akatazama magari, akanitazama mimi tena.

Tumaini, aliyekuwa na miaka tisa, ndiye aliyeuliza watu wote hao watalala wapi. "But Dad, where's everyone gonna sleep?"

"Sawa," Deo akasema. Ndilo neno pekee alilolitoa. Akaja akalichukua sufuria mikononi mwangu, akaliweka kwenye gari taratibu lisimwagike. Kama angefoka ningejua la kujibu. Njia nzima mama mkwe alikaa mbele na mwanawe, mimi nyuma na watoto, nikimtazama kisogo. Mijakaranda ya mitaani kwetu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuchanua, halafu tukaingia barabara kuu ya kwenda kaskazini, tukavuka mto ule mkubwa wa chini ya majabali, na hakuna aliyesema kitu ila Baraka aliyetaka kukojoa.

Mji wenyewe ni mdogo na mzuri. Ziwa pana lisilo na kina, linakutana na bahari kwenye mlango mwembamba, na kando yake nyasi zimekatwa vizuri, misonobari mirefu, watu wanalamba aiskrimu. Ndege wale wakubwa, mwari, wanatembea ufukweni na ile mifuko yao ya shingoni kana kwamba wametumwa sokoni. Majira ya kuchipua kule jua linakuwa la upole, upepo una ubaridi kidogo tu. Na sherehe ilikolea kwelikweli, siwezi kusema uongo. Kulikuwa na ndege mmoja, mweusi na mweupe, wa aina ile inayolinda viota vyake kwa ukali miezi hiyo. Alimwandama mume wa Mama Njeri kila aliponyanyuka kugeuza nyama, mpaka mwanaume mzima akawa anachoma nyama amevaa sufuria kichwani. Watu walilala chini kwa kucheka.

Nilipogeuka kumwonyesha Deo, hayupo. Yupo kwenye lile benchi. Mbele yake kwenye gati kulikuwa na viboti vile vya kukanyaga pedali kama baiskeli, vya watu wawili wawili, na kimoja kilikuwa kimewekewa kibao chenye jina letu, saa nane kamili. Alikuwa amekikodi wiki mbili kabla.

Hapo ndipo uliponikuta mwanzoni, na sufuria langu. Na hapo ndipo mama mkwe alipokuja akasimama mbele yangu.

"Binti," akasema, "mwanangu amekukosea?"

"Hapana, Mama."

"Amekupiga?"

"Mama! Hapana!"

"Ana mwanamke nje?"

"Atampata wapi muda?"

"Sasa unamwogopea nini?"

Nilitaka kucheka. Kicheko kikafika kooni kikageuka kilio, nikalia juu ya pilau. Nikamwambia nisichokuwa nimejiambia mwenyewe. "Mama, sijui nitaongea naye nini. Tumezoea karatasi. Tukikaa wawili halafu tukakosa la kusema, nitajua kwamba imekwisha."

Akanipokea sufuria, akaliweka chini.

"Kwa hiyo ukaona ulete kanisa zima lije liongee kwa niaba yenu?" akasema. "Na mimi ukanibeba, ukasema ni heshima. Mimi nimezaliwa kisiwani, maji pande zote. Ulidhani nimepanda ndege mbili nije kuonyeshwa ziwa? Nimekuja kuona mnaishije. Wiki ya saba hii nipo kwenu, sijawaona mkinywa chai meza moja. Usinifanye mimi ukuta wa kujifichia, binti. Sipendi."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Nimekaripiwa na wengi maishani, lakini maneno yale yaliniingia mpaka kwenye mifupa, kwa sababu yalikuwa kweli yote.

Halafu akafanya kitu ambacho hata leo nikikikumbuka nacheka peke yangu. Akaenda katikati ya watu, akapiga makofi mara tatu. "Jamani, nyama tamu, Mungu awabariki. Kuleni mshibe. Saa kumi magari yote yanarudi Sydney, na mimi nimo, na watoto wamo. Hawa wawili wanabaki. Leo mnafukuzwa, na anayewafukuza ni mimi."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Njeri akamwangalia mama mkwe, akamwangalia Deo kwenye benchi, akanigeukia mimi na macho yangu mekundu.

"Mama Tuma! Si ungesema tu!" akapiga kelele. "Hata sisi tunajua kufanya honeymoon! Ngai, huyu mwanamke!" Na akapiga kigelegele kilichotimua mwari wote ufukweni.

Basi wakatuharusisha upya pale pale. Wanawake wakanivua aproni, mmoja akanifunga kitenge chake, mwingine akanifuta masizi shavuni. Wakanisindikiza mpaka kwenye benchi wanaimba, wakamnyanyua Deo, wakatukalisha kwenye kile kiboti. Wazungu waliokuwa wanapita wakasimama wakapiga makofi, wakidhani ndoa imefungwa dakika ile. Yule mume wa Mama Njeri akatusukuma majini, sufuria bado kichwani. Na Deo, mwanangu, Deo alikuwa anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo dogo la meno huku kushoto.

Tukafika katikati. Nyimbo zikawa za mbali. Ikaja ile saa niliyoiogopa. Tulikuwa tunakanyaga, kila mmoja na mwendo wake, na kiboti kikawa kinazunguka mahali pamoja. Nikafikiria hali ya hewa, nikaona aibu kuisema. Deo akakohoa.

"Maharage yapo," akasema.

Nikamtazama. "Yapashe moto," nikamjibu.

Tulicheka mpaka kiboti kikayumba. Tulipoweza kuvuta pumzi, akaingiza mkono kwenye mfuko wa lile shati jipya, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa bila kunitazama. Mwandiko ule ule wa friji. Alikuwa ameandika: "Muulize mgongo wake unaendeleaje. Muulize habari za yule bibi wa kazini aliyefariki, alikuwa anampenda. Muulize kama bado anataka kujifunza kushona. Mwambie gauni la kijani linampendeza. Usiongelee gari."

Yaani na yeye alikuwa anaogopa, mwanangu. Mwezi mzima anaendesha lori lake, anawaza ataongea nini na mkewe, anaandika asije akasahau. Tulikuwa waoga wawili kwenye nyumba moja. Yeye akaja na karatasi, mimi nikaja na watu ishirini.

Nikaanza kumjibu kwa mpangilio wake. Mgongo. Yule bibi, na jinsi alivyonishika mkono siku ya mwisho, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Tulipofika kwenye kushona, mwenye viboti alikuwa ametupungia mkono mara tatu turudi, muda wetu umepita. Saa kumi magari yalipoondoka, mama mkwe alikaa dirishani hakutupungia hata mkono, anaangalia mbele kama mtu aliyemaliza kazi yake. Sufuria la pilau alikuwa ametuachia. Tulilila siku mbili, na gari hatukuliongelea.

Tuliporudi niliomba zamu mbili za asubuhi kila wiki, nikapewa. Siku hizo tulikuwa tunakunywa chai saa kumi jioni, mezani, tukitazamana. Mama mkwe aliziona chache kabla ya kurudi kwao, akawa anajifanya ana kazi uani. Mungu amrehemu, amekwisha tangulia. Ile karatasi ninayo kwenye Biblia yangu, na Deo ninaye, yupo sebuleni anabishana na televisheni.

Sasa nasaha yangu ni hii, wewe uliyeoa juzi na wewe unayejiandaa kuolewa. Nyumba isiyo na ugomvi usiisifu kabla hujauliza kama ina mazungumzo. Wageni wapende, wazazi waheshimu, kanisani nenda, lakini usiwatumie watu wema kama pazia la kujificha ili usionane na mtu wako. Akikuambia "mimi na wewe tu," nenda, hata kama unaogopa. Kama huna la kusema, mwambie hivyo hivyo kwamba huna la kusema, maana huenda na yeye ana karatasi mfukoni. Na marafiki wa kweli ukiwaambia leo hapana, watakupigia vigelegele. Mimi nilikuwa sijui mpaka walipofukuzwa.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe mwenza wa kucheka naye katikati ya maji, akupe mama mkwe asiyeogopa kusema, na meza yenu isikose vikombe viwili vya moto kwa wakati mmoja. Mbarikiwe, wewe na huyo wako. Na huko ziwani mkienda, msinialike.