Propela Yenye Maua

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchonga milango, na Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia injini ndogo ya ndege ya kuchezea. Propela yake ilikuwa imevunjika. Mume wangu akachonga nyingine kwa mbao ya msaji, na bawa moja akalitia nakshi ya maua.

"Mbona moja tu?" nikamuuliza.

"La pili kesho inshallah. Leo nataka kuisikia inavyolia."

Nikaipitisha propela kwenye msumari mwembamba, na bawa lisilo maua likashuka chini. Nikamwambia mabawa hayalingani uzito, injini itatetemeka mpaka nati ilegee.

"Huko skuli walikufundisha kuchonga?" akasema, akaichukua.

Injini aliifunga kwenye mbuzi yangu ya kukunia nazi, bila ya kuniomba. Mtoto wetu wa miezi minane alikuwa mkekani, hatua tatu tu. Nikasema ngoja nimwondoe. Mwenzangu alikuwa keshaizungusha propela kwa kidole. Injini ikanguruma, mbuzi ikarukaruka, propela ikachomoka, ikapita juu ya kichwa cha mtoto na kugonga ukuta.

Mtoto akacheka. Baba yake akaenda moja kwa moja kuiokota propela, akaipangusa chokaa.

"Alhamdulillahi, maua hayakuguswa."

Nikampokonya, nikaitia kwenye jiko la makaa, chini ya sufuria ya uji.

"Nimeichonga siku mbili ile," akasema.

"Na huyu nimembeba miezi tisa," nikamjibu, nikaendelea kukoroga.