Mkulima Hodari Niliyempima Mwenyewe

Nichekeni, nimestahili. Mwezi uliopita Bwana Shamba alinituma kwenye mashamba ya mpunga karibu na Garsen nipime kila mkulima anazalisha kiasi gani. "Nchi hukua kila mtu akitoa zaidi," alinifundisha, nami nikayameza maneno hayo mazima mazima.

Kwa Komora niliuliza, "Nani amelima hapa?"

"Mimi," akajibu, maana shamba ni lake.

Nikagawa mavuno yake kwa mtu mmoja.

Kwa shemeji yangu Jilo nikauliza vilevile. "Mimi, dada yako, mama na binti zangu wawili," akasema. Nikagawa kwa watano, nikamwona mvivu, tena nikajisifu kwamba sikumpendelea jamaa yangu. Kwa neno langu, mbegu mpya zilizotengewa mkulima hodari akapewa Komora. Jilo, ambaye mafuriko yalimzolea akiba yote, akakosa.

Jana palikuwa na baraza shambani kwa Komora. Bwana Shamba akamwomba atuonyeshe anavyovuna peke yake mpunga uliobaki. Komora akakata masuke mawili matatu, kisha akajikata kidole.

"Halima! Njooni!" akamwita mkewe kwa kelele.

Wakatoka wanawake wanne wa nyumba yake, wakaingia shambani na kuvuna harakaharaka.

"Hawa ni nani?" Bwana Shamba akaniuliza mbele ya watu.

Kabla sijafumbua kinywa, dada yangu akasimama. "Kaka, hawa hukuwahesabu. Mimi ulinihesabu ili wanangu wakose mbegu?"

Baraza zima likanigeukia, na Bwana Shamba bado alikuwa akingoja jibu.