Fungu la Pacha Wake

Dobi wa hospitali alikuwa na miaka tisa surua ilipobisha hodi nyumbani kwao. Yeye na pacha wake walilazwa kitanda kimoja, chini ya blanketi moja, siku nane. Siku ya tisa aliamka akiwa ameshika mkono wa baridi.

Makaburini shangazi yao alimvuta kando, akampangusa kamasi. "Nyamaza, mwanangu," akamwambia. "Sasa wewe uishi maisha ya wawili."

Shangazi alitaka kumfariji tu. Mtoto alilichukua neno lile kama mzigo, akajitwika.

Alikua, akaolewa na fundi viatu, akazaa watatu, akaajiriwa kufua mashuka ya wodi. Akitoka kazini ana kwaya, akitoka kwaya ana kikao cha akina mama, kikao kikiisha yuko kwa mgonjwa na birika la chai. Wenzake walimbandika jina Mama Chapuchapu, wakisema hata malaika wake mlinzi ameomba likizo. Alicheka nao. Hawakujua kwamba anaogopa kukaa chini.

Kila alipotulia alizisikia nyayo za mtoto, peku, zikija taratibu nyuma yake na kusimama. Zilisubiri, kama mtu aliyekuja kuulizia amana yake. Basi aliinuka haraka, akashika ufagio. Hata chakula alikula wima jikoni, uso umeelekea sufuria.

Mchana mmoja alikuwa peke yake katika chumba cha kukunjia. Shuka hukunjwa na watu wawili, lakini yeye alizoea kuchomeka ncha moja kwenye msumari ukutani, akashika ya pili. Alivuta. Shuka nayo ikamvuta, polepole, kwa kipimo, kama anavyovuta mtu anayejua kukunja. Akainua macho. Msumari ulikuwa mtupu, na shuka haijaanguka.

Wenzake walimkuta sakafuni, amezimia. Daktari alisema ni uchovu, akampa wiki mbili za kupumzika.

Siku ya tatu mchungaji alikuja kumwona. Sala ilikwisha, na mgeni alikuwa keshachukua kofia yake, ndipo dobi alipomshika mkono.

"Mchungaji, nimeishi maisha ya watu wawili, na hata ya mmoja sijayaonja."

Akamsimulia yote. Mchungaji aliketi tena, kofia magotini. Hakumcheka, wala hakuanza kukemea mapepo.

"Bwana aliposema amekuja tuwe na uzima, kisha tuwe nao tele, wewe ulielewaje, mama?"

"Kwamba nisipoteze hata siku moja. Nitaulizwa za kwangu, nitaulizwa na za kwake."

"Nani alikwambia za kwake unazo wewe?"

Mchungaji akaiweka kofia kitandani.

"Uhai wa dada yako uko mikononi mwa Mungu, haujapungua hata tone. Na wako ni zawadi. Lakini unakimbia nao kama mtu aliyeiba."

Hapo uso wa dobi ulibadilika. "Nilivuta blanketi," alisema kwa sauti ndogo. "Aliniambia anasikia baridi, nami nikalivuta upande wangu."

Hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yake mzazi hadi anafukiwa.

"Ulikuwa mtoto, na wewe una homa," mchungaji akasema. "Mwambie Mungu hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Alipoondoka, dobi alibaki ukingoni mwa kitanda, jua likiingia dirishani. Nyayo zikaja. Miguu yake ilitaka kuinuka. Akashika ubao wa kitanda kwa mikono miwili. Godoro likabonyea kidogo kando yake.

"Nisamehe blanketi," alisema, bila kugeuka. Kisha akamwambia Mungu, kwa maneno yale yale.

Hakujibiwa. Alilia kilio cha miaka yote ile, hadi jua likahama ukutani.

Aliporudi kazini alijitoa katika kamati tatu, na akina mama walinuna mwezi mzima. Nyayo hazikukoma kabisa. Siku nyingine zilimfuata kutoka kamba ya kuanikia hadi mlangoni, na mwili ukamsisimka kama zamani. Hakukimbia. Alianika shuka zake, akazipisha nyayo zipite.

Jioni moja akavuta kiti, akaketi mezani mbele ya mumewe. Fundi viatu aliacha kutafuna.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nakula."

Mzee akamtazama weee, kama mgeni aliyeshuka sasa hivi. "Miaka thelathini nimekula nikitazama mgongo wako," alisema. "Kumbe unatafunia upande mmoja."

"Jino."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto wa pili."

Fundi viatu akatikisa kichwa, akamsogezea bakuli la mchuzi.