Akina Masika Maria wa Kyarumba

Nilifunga safari kwa sababu ya ubishi. Katika mjadala mmoja Nairobi kuhusu kwa nini nchi maskini hazisongi mbele, nilisimama nikapiga kifua: tatizo letu ni wizi, na ushahidi ninao. Mimi ndiye mkaguzi wa orodha za misaada katika shirika letu, na katika orodha ya wakulima wa kahawa wa Kyarumba, huko Uganda magharibi, Masika Maria alikuwa ameandikwa mara kumi na moja, apate maturubai kumi na moja ya kuanikia. Nikakata majina yote. Ukumbi ulinipigia makofi, nami, sitaficha, nilivimba kichwa. Baadaye akina mama wa kikundi cha wakulima hao wakatuma ujumbe mfupi: njoo utuone. Nikaenda, nikitaraji kumkamata mtu.

Kasese nilifika asubuhi, mgongo ukiniuma kwa basi la kutoka Kampala. Mwendesha bodaboda niliyempata alikuwa mwanajeshi mstaafu, na kila mtu kwake alikuwa afande. Tulipita Kinyamaseke, tukaacha lami, tukapanda hadi njia ikabaki ya miguu tu. "Shuka, afande. Hapa iko kazi ya miguu," akaniambia, akageuza pikipiki. Wanawake wakanipita na magunia kichwani huku mimi nikihema na kijimkoba changu.

Saa nane mchana, Kyarumba. Mvua ilianza nikiwa kwenye ua wa nyumba ya kwanza. Mama mmoja wa makamo alikuwa amepiga magoti, anazoa kahawa iliyoanikwa udongoni na kuitia kwenye beseni. Nikatupa mkoba, nikazoa naye. Karibu nusu ilikwenda na maji. Nikamuuliza kwa nini hana turubai.

"Turubai ilikataa jina yangu," akasema. "Mimi Masika Maria."

Nikajisemea: nimempata! Nikaomba kuonana na kikundi chake chote.

Mvua ilipokatika tulikusanyika kanisani. Mwenyekiti wao, mama mcheshi aitwaye Biira, alinipa kiti na chai. Nikatoa orodha, nikaita kwa sauti ya hakimu: Masika Maria. Wakasimama wanawake kumi na mmoja. Mmoja ananyonyesha, mwingine ameshika mkongojo. Nikadhani wananifanyia mzaha. Biira akanieleza taratibu kwamba kwa Wakonzo, kabila lao, jina huja na zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza wa kila nyumba ni Masika, wa pili ni Biira kama yeye, na Maria ni jina la ubatizo tu.

"Wewe iliona mwizi moja," akasema. "Hapa iko watu kumi na moja."

Wakacheka wote, hata yule wa mkongojo. Mimi niliumbuka, nikainama nikanywa chai.

Kesho yake, soko la Bwera, mpakani na Kongo. Nilimsindikiza Masika wa mvua akauze kahawa yake ya juma lililopita. Mnunuzi, Mkongo kutoka Butembo, alichota kiganja kimoja, akanusa, akatikisa kichwa. "Mama, kahawa iko na harufu ya udongo. Naweza kukupatia nusu ya bei tu." Masika akapokea pesa hizo. Alikunja gunia lake tupu, akaniuliza kama nimekula. Laiti angenitukana! Nikapiga simu ofisini palepale. Wakakubali kurudisha majina, ila maturubai yalikuwa yamekwishapelekwa kwingine. Ilibidi yaagizwe upya.

Nairobi niliomba kusimama tena katika ukumbi ule ule. Nikasimulia yote. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Dada mmoja akauliza ni nani aliyekata majina bila kuwauliza wenyewe. Nikasema ni mimi. Nilichojifunza ni hiki: tukijadili umaskini tunakuwa wepesi kumtafuta mkosaji kwa maskini mwenyewe, kumbe pengine ameketi ofisini na kalamu mkononi, tena anajisifu.

Juzi Biira alinipigia simu. Maturubai yamefika, na kila Masika amepata lake. Nikafurahi, nikamuuliza kahawa inakaukaje juu yake.

"Msimu ya kahawa iliisha," akasema kwa upole. "Tunaanika maharage."